Lugha ya Mikono Baina ya Mzamiaji na Roboti

Mzamiaji aliyebana kipumulio kwa meno hawezi kusema, na mawimbi ya redio hufifia upesi katika maji ya chumvi. Ndiyo maana wazamiaji walijijengea lugha ya mikono. Kidole gumba kikielekezwa juu maana yake ni "tupande", wala si "mambo mazuri". Hilo la pili husemwa kwa duara la kidole gumba na cha shahada.

Roboti za mwanzo hazikuijua lugha hiyo. Ziliongozwa kwa waya na mtu aliyekaa juu ya maji, na mzamiaji aliyeiona kazi kwa macho yake hakuwa na namna ya kuziagiza.

Katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, Gregory Dudek na wenzake walikuwa na Aqua, roboti inayoogelea kwa mapezi sita, iliyojaribiwa katika bahari ya Barbados. Mwaka 2007 walitangaza RoboChat. Mzamiaji aliinua mbele ya kamera kadi zenye miraba nyeusi na nyeupe, moja baada ya nyingine, kila mraba ukiwa na maana yake, mpaka agizo likamilike. Kompyuta husoma mraba wa namna hiyo kwa uhakika kuliko vidole vilivyofifishwa na maji machafu. Lakini mzigo ulimwangukia binadamu: alipaswa kubeba kadi, kutafuta iliyo sahihi, tena huku akichunga hewa yake.

Mradi wa CADDY wa Umoja wa Ulaya, ulioanza 2014 chini ya Chuo Kikuu cha Zagreb, ulirudi kwenye mikono yenyewe. Watafiti wa Italia walitunga Caddian, lugha iliyojengwa juu ya ishara za wazamiaji, yenye alama ya kufungua na ya kufunga mazungumzo. Glavu zilitiwa mistari ya rangi ili kamera itofautishe vidole, na roboti ilibeba kishikwambi cha kumjibu mzamiaji. Huo ndio uamuzi uliokuwa sahihi zaidi katika historia hii: mashine ndiyo ijifunze lugha ya mtu.

Majibu ya roboti yasiyohitaji kishikwambi yalichelewa kushughulikiwa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walionyesha kwamba Aqua inaweza kujibu kwa mwili wake: ikiinamisha na kuinua pua, inakubali, ikiyumba kushoto na kulia, inakataa. Baadaye waliongeza taa zenye umbo la macho.