Kapu la mapumziko: mtoto mgonjwa na uwanja wa mpira

Wadau, nimekuwa kimya wiki mbili, mnisamehe. Nilikuwa Ngara na Biharamulo kwa kazi ya gazeti ambayo haihusiani na haya ninayoandika leo. Ila Jumapili moja jioni, Ngara, nilijikuta kwenye mechi ya ndondo. Timu mbili za vijiji, zawadi mbuzi. Wakati wa mapumziko yule jamaa wa kipaza sauti akaacha utani wake, akatangaza kwamba kuna mtoto wa kijiji cha jirani ana tatizo la moyo, ameandikiwa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, na nauli hakuna. Kapu likapita. Watu wakatoa mia mbili, mia tano. Mzee mmoja akatoa elfu tano, akashangiliwa kama kafunga bao. Mtoto hakuwepo, mama yake hakuwepo. Baba alikuwepo, kasimama nyuma ya goli, mikono nyuma, anatazama chini.

Vijana walioandaa jambo hilo waliniambia hiyo ilikuwa mechi ya tatu. Wanazunguka nalo kapu lao, kila penye mpira wanakwenda. Nilipompigia mhariri simu kumweleza habari hiyo, swali lake la kwanza lilikuwa: "Picha ya mtoto ipo?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nianze kuchimba. Huu mtindo wa kumpeleka mtoto mgonjwa uwanjani ulitoka wapi?

Wapenzi wa Ligi Kuu ya Uingereza watanijibu haraka. Tarehe 6 Oktoba 2001, Old Trafford, Uingereza ilicheza na Ugiriki. Wote tunaikumbuka (au tumeiona YouTube) kwa ile faulo ya David Beckham ya dakika za majeruhi iliyofanya matokeo kuwa 2-2 na kuipeleka Uingereza Kombe la Dunia 2002. Wachache wanamkumbuka binti wa miaka 6 aliyeingia naye uwanjani akiwa amemshika mkono, na mtungi wa oksijeni ukimfuata. Aliitwa Kirsty Howard. Alizaliwa na moyo uliogeuka na viungo vingine vya ndani vikiwa si mahali pake, na mwaka 1999 familia yake iliambiwa amebakiza wiki chache tu. Badala yake akawa anapelekwa viwanjani na kwenye shughuli kubwa kuchangisha fedha za Francis House, nyumba ya kuwatunza watoto wenye maradhi yasiyopona, hapo hapo Manchester. Lengo lilikuwa pauni milioni 5 na likafikiwa. Kirsty alifariki Oktoba 2015 akiwa na miaka 20.

Baada yake alikuja Bradley Lowery, shabiki mdogo wa Sunderland mwenye saratani. Mwaka 2016 klabu ya Everton ilimchangia pauni 200,000, na Machi 2017 aliingia Wembley na rafiki yake Jermain Defoe, ambaye siku hiyo alifunga. Bradley alifariki Julai 2017, ana miaka 6.

Nisieleweke vibaya, nililia kwenye ile video ya Bradley. Lakini angalieni mambo yaliyokuwepo tayari. Nyumba ya watoto ya Manchester ilikuwa imesimama, ilitaka fedha za kuendeshwa. Kamera zilikuwepo. Kilichokosekana ni sura ya kuifanya nchi nzima isimame, na mtoto akatoa sura yake.

Sasa tuje Ngara. Hapa mtoto mgonjwa alipoanza kuonekana na dunia, hakuwa mmoja. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya saa 24, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda. Walikaa Benaco, mahali palipoitwa jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara. Wilaya ambayo Watanzania wengi walikuwa hawajui ilipo kwenye ramani ikawa habari ya kwanza ya mashirika ya habari duniani. Chanjo ya surua kwa watoto ilikuwa miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa pale, kwa sababu surua kambini huua haraka. Kuhara damu kulikuja na kuliua. Hata hivyo Benaco haikufika kule ilikofika Goma miezi mitatu baadaye, ambako watu wapatao 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja, kipindupindu kikiongoza.

Katika hali ile hakuna aliyezungusha kapu kwa ajili ya mtoto mmoja. Kilichotakiwa ni kupaza sauti iwafikie maelfu. Mwaka 1995 shirika la Kijesuti la kuhudumia wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera, Ngara, kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda. Kwizera maana yake ni kutumaini. Wenyeji nao waliisikiliza, na wakimbizi wa Rwanda walipoondoka Desemba 1996 redio ilibaki.

Mwaka huo huo wa 1996 ndipo mpira ulipoingia, tena kwa mlango ambao sikuutegemea. Polio wakati ule ilikuwa inapooza watoto zaidi ya 75,000 kwa mwaka barani Afrika. Nelson Mandela akazindua kampeni ya kuipiga polio teke itoke Afrika, na wanasoka wakavutwa ndani. Tazameni ujanja wa neno lenyewe: teke. Ugonjwa unaochukua miguu ya mtoto ukapewa adui mwenye miguu. Mwaka 2010 wakarudia kwa namna nyingine: mpira mmoja ulianza safari Cape Town mwezi Februari, ukazungushwa nchi kwa nchi hadi Alexandria, Misri. Hapo aliyesafiri hakuwa mtoto tena, ni mpira wenyewe!

Tanzania ilipata mgonjwa wake wa mwisho wa polio ya asili mwaka 1996, ikapewa cheti mwaka 2015, na Afrika nzima ikapewa chake Agosti 2020.

Kwa nini mpira, na si mkutano wa hadhara wa kawaida? Nina jibu langu, mnaweza kunipinga. Nenda kliniki yoyote ya watoto asubuhi, Biharamulo au Ngara mjini: benchi zimejaa akina mama, kadi mkononi, mtoto mgongoni. Nenda uwanjani jioni: wamejaa akina baba. Mama anajua mtoto anaumwa, hahitaji kuhamasishwa. Lakini nauli iko kwa baba, ruhusa iko kwa baba, na uamuzi wa kuuza mbuzi uko kwa baba. Kipaza sauti cha mapumziko kinamkuta baba mahali pekee ambapo anakaa dakika 15 bila la kufanya.

Kwenye malaria hilo lilikuwa na uzito wa kutisha. Utafiti wa kitaifa wa 2007-08 ulikuta asilimia 41 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa mkoani Kagera wana vimelea, wakati kwa Tanzania Bara ilikuwa asilimia 18. Karibu nusu! Februari 2010 Rais Kikwete alizindua kampeni ya Zinduka, na kuelekea Kombe la Dunia la Afrika Kusini wanasoka na mashirikisho ya soka ya Afrika yaliungana kwenye kampeni nyingine dhidi ya malaria. Vyandarua karibu milioni 9 viligawiwa nchini kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Utafiti wa 2017 ulikuta Kagera asilimia 15. Sitasema ni kazi ya mpira, ni kazi ya chandarua na dawa. Ila chandarua kinaweza kugawiwa kikaishia kufugia vifaranga, na hapo ndipo aliyesikia tangazo uwanjani anapokuwa na faida.

Halafu mambo hayaishi. Machi 2023 Burundi, jirani wa mlango kwa mlango na Ngara, ilitangaza polio ile inayotokana na kirusi cha chanjo. Mwezi Mei akapatikana mtoto Rukwa. Septemba mwaka huo watoto wa chini ya miaka minane walichanjwa katika mikoa sita ya mipakani, Kagera ikiwemo. Na Januari 2025 ikaja Marburg Biharamulo, ikatangazwa kwisha Machi 13 baada ya vifo 10. Wakati wa Marburg, mkusanyiko ule ule ninaousifu hapa ndio wa kuogopwa.

Nimerudi sasa kwa yule mtoto wa moyo. Kila nilichotaja hapo juu, surua, polio, malaria, kinabebeka kwenye boksi la baridi au kwenye pikipiki hadi ukingoni mwa uwanja. Moyo haubebeki hivyo. Kwa miaka mingi watoto wa namna hii walipelekwa India, na wengi wa Zanzibar wakapelekwa Israel kupitia shirika la Save a Child's Heart. Tangu 2015 tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ni jambo la kujivunia, lakini kutoka Ngara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200. Bugando ni kituo cha kwanza tu. Angalau daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa Juni 2025, basi halisubiri tena kivuko.

Picha ya mtoto sikumpelekea mhariri. Nilikuwa nayo, baba alinionyesha kwenye simu yake na akaniruhusu niichukue. Kirsty alikuwa na Beckham pembeni na nyumba ya kumpokea. Huyu wa kwetu ningemchapisha ukurasa wa saba, kisha nini? Bado sina uhakika kama nilifanya sawa, na mdau mwenye mawazo tofauti aniambie. Habari haikutoka.

Kapu la Jumapili ile lilitosha nauli ya mama na mtoto hadi Mwanza. Ya kwenda tu. Juzi nilimpigia simu kijana mmoja wa wale waandaaji, akasema wameshaondoka, na kwamba Jumamosi wana mechi nyingine upande wa Rulenge, saa kumi jioni, kutafuta ya kurudi.