Kucha za kijiko na safura ya Mrima

Kucha ya kijiko hubonyea katikati na kuinuka kingo, hata tone la maji likidondoshwa juu yake hutuama. Kwa watoto wachanga umbo hilo ni la kawaida na hujirekebisha lenyewe. Kwa mtu mzima, mara nyingi ni dalili kwamba mwili umepungukiwa madini ya chuma kwa muda mrefu: kucha huwa nyembamba, kisha bapa, ndipo ikabonyea.

Katika pwani ya Mrima, Bagamoyo ikiwemo, chanzo kimoja cha upungufu huo ni safura, ugonjwa unaoletwa na minyoo. Mabuu ya minyoo hii huishi kwenye mchanga wenye joto na unyevu uliochafuliwa na kinyesi. Hupenya ngozi ya mguu mtupu, hupitia mapafuni, na hatimaye hutua katika utumbo mdogo, ambako minyoo hunyonya damu. Mmoja hunyonya kidogo sana. Mamia, kwa miaka, humdhoofisha mtu.

Mwaka 1870, akiwa Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo, mmisionari na mpelelezi David Livingstone aliandika habari za safura katika shajara yake: miguu kuvimba, pumzi kukatika, na hamu ya kula udongo iliyowapata watumwa na matajiri vilevile. Mwanahabari Henry Stanley alipita Bagamoyo na shajara hiyo Mei 1872. Maiti ya Livingstone ikafikishwa hapo na watumishi wake, akina Chuma na Susi, Februari 1874. Livingstone alikanusha kwamba watumwa walikula udongo ili wafe, na alikuwa sahihi; dhana hiyo iliwaongezea dhuluma watu waliokwisha kudhulumiwa. Ila alidhani kula udongo ndiko ugonjwa wenyewe, kumbe hamu hiyo huambatana na upungufu wa chuma.

Daktari Mwitaliano Angelo Dubini alikuwa ameiona minyoo ya safura Milan tangu 1838. Njia ya minyoo hiyo kuingia mwilini ilijulikana mwishoni mwa karne ya 19, mtafiti Mjerumani Arthur Looss alipomwagikiwa na maji yenye mabuu mkononi huko Cairo. Ngozi iliwasha, na baadaye mayai yakaonekana katika choo chake.

Huko Pemba, tafiti za miaka ya 1990 zilihusisha safura na upungufu wa damu kwa wanafunzi. Utafiti mwingine wa kisiwani humo, uliochapishwa 2006, ulitoa onyo zito: watoto wadogo waliopewa chuma mahali penye malaria nyingi walilazwa na kufa zaidi. Kwa hiyo vidonge vya kuongeza damu kwa watoto wa umri huo huenda sambamba na kinga ya malaria.

Mgonjwa wa safura hupewa albendazole, dawa ya minyoo, pamoja na chuma. Kucha ya mkono hukua polepole, na huchukua takriban miezi 6 kuota upya kutoka shinani hadi nchani.