Chuma cha Moto kwenye Mguu wa Farasi

Walowezi waliotwaa mashamba ya Njoro, Molo na Bahati mwanzoni mwa karne ya 20 walileta farasi wa kupanda na wa mashindano, na Nakuru ikapata uwanja wake wa mbio. Pamoja na mbio ukaja ubishi mkali: farasi akiumia kano, afanyiwe nini?

Chini ya goti farasi hana misuli, ana mfupa, kano na ngozi tu. Damu inayofika pale ni kidogo. Kano ikichanika huvimba nyuma ya mguu, huwa ya moto ukiigusa, na kupona kwake huchukua miezi mingi. Hata ikipona, kovu halinyumbuki kama kano ya awali.

Madaktari wa mifugo wa zama hizo waligawanyika. Baadhi yao walichoma ngozi juu ya kano kwa chuma cha moto, mistari au vitone, au wakaipaka dawa ya kuibabua hadi itoe malengelenge. Waliamini moto huvuta damu, nayo damu huponya. Wenzao walishikilia maji baridi, bendeji na mapumziko. Matibabu ya moto hayakuwa mageni Bonde la Ufa. Wafugaji wa huku nao walichoma ng'ombe wao ili kuwatibu.

Beryl Markham, aliyekulia Njoro kwa baba yake mfuga farasi, alikabidhiwa farasi jike aitwaye Wise Child, kano zake zikiwa zimeharibiwa kwa kukimbizwa mno. Katika kitabu chake cha 1942, West with the Night, anaeleza jinsi yeye na arap Ruta, rafiki yake tangu utotoni, walivyomwandaa taratibu wakiilinda miguu ile. Mwaka 1926 Wise Child alishinda mbio za St Leger ya Kenya, mjini Nairobi. Ushindi huo haukumaliza ubishi.

Jibu lilichelewa mno. Mwaka 1983 watafiti wa Bristol, Uingereza, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba kuchoma hakuiponyi kano. Mwaka 1991 chombo kinachosimamia madaktari wa mifugo nchini humo kikatamka kwamba kitendo hicho hakikubaliki kimaadili. Kumbe farasi akishachomwa alipumzishwa kwa miezi kadhaa, mapumziko yakafanya kazi na chuma kikasifiwa. Wanyama wangapi waliumizwa bure kwa kosa hilo la kufikiri!

Leo barabara za Bahati ni za punda, wanaovuta maji na mazao. Punda akiteguka mguu, mwenye mkokoteni hupewa ushauri wa kila namna, ilhali mapumziko yanamkosesha riziki ya siku. Kichinjio cha punda kilipofunguliwa Naivasha mwaka 2016, mwenye mkokoteni akapata njia nyingine: kumuuza mnyama kabla hajapona. Februari 2020 serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaitengua marufuku.