Kutoka Vitambaa vya Thika Hadi Beli la Githurai

Mtumba asili yake ni mzigo uliofungwa. Nchini Kenya jina hilo lilihamia kwenye nguo zenyewe, kwa kuwa ndivyo zinavyofika: beli la kilo 45 hivi, lililobanwa kwa mashine na kukazwa kamba. Wadi ya Kiuu, Ruiru, huyapokea mabeli hayo Githurai 45, mtaa ambao 45 katika jina lake ni nambari ya njia ya basi. Nguo bora zinazochaguliwa kwanza huitwa kamera. Mabaki ya mwisho ni fagia.

Zamani nguo za ukanda huu zilifumwa jirani. Thika Cloth Mills ilianzishwa mwaka 1958, na baada ya uhuru serikali ilivikinga viwanda vya nguo kwa ushuru mkubwa. Pamba ya wakulima wa Nyanza, Magharibi, Pwani na Ukambani ilinunuliwa kupitia bodi ya serikali, ikafumwa Thika, Eldoret na Kisumu. Nguo ilikuwa ghali, kwa hiyo mtu alikuwa nazo chache. Gauni lililochanika lilirudi kwa fundi cherehani, likarithiwa na mdogo mtu, likaishia kuwa tambara la kupigia deki. Hayo leo yanaitwa mitindo endelevu. Wakati huo yalikuwa ubahili wa kawaida wa nyumbani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 soko lilifunguliwa, kwa shinikizo la wafadhili. Mitumba ikamiminika. Hata hivyo, kuitwika lawama yote si haki: wakulima walikuwa wakicheleweshewa malipo, mitambo imechakaa, na nguo mpya za bei rahisi kutoka Asia nazo ziliingia. Rivatex ya Eldoret ilifilisika; Chuo Kikuu cha Moi kikainunua mwaka 2007. Kiwanda cha Thika kilinusurika, vitambaa vya sare vikiwa miongoni mwa kazi zake.

Ng'ambo nako mambo yalibadilika. Kampuni zilianza kutoa mitindo mipya kila baada ya wiki chache, kwa mishahara duni ya washonaji. Jengo la viwanda vya nguo la Rana Plaza, Bangladesh, lilipoporomoka Aprili 24, 2013, watu zaidi ya 1,100 walikufa. Nguo za namna hiyo, nyingi za polista nyepesi, ndizo sasa zinazojaa kwenye mabeli. Shati zito la pamba humstahimili mmiliki wa pili na wa tatu. Blauzi ya polista huvutika kabla ya kufika Githurai, na ikitupwa haiozi.

Mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliazimia kuiondoa mitumba kufikia 2019. Marekani ikatishia kuzifutia nchi wanachama msamaha wa ushuru wa AGOA, sheria yake ya biashara na Afrika. Kenya ikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa msamaha huo. Kenya ilipiga marufuku mitumba mwaka 2020 kwa hofu ya korona, ikairuhusu tena Agosti mwaka huohuo. Mchuuzi bado hununua beli likiwa limefungwa: hasara ya fagia ni yake, na jalala ni la mji wake.