Kuchangisha Fedha za Saratani Ukiwa Mgonjwa: Mambo ya Kuzingatia kwa Wananchi wa Mtwara

Na Mwandishi Wetu

Mgonjwa wa saratani anayeamua kuchangisha fedha kwa ajili ya wagonjwa wenzake hubeba mambo mawili kwa pamoja: matibabu yake na amana ya watu. Maneno yake huaminika upesi, kwa kuwa anayoyaeleza yanamhusu mwenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo, fedha zinazopatikana kwa jina lake zinahitaji utaratibu ulio wazi tangu siku ya kwanza.

Fedha zinahitajika wapi

Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwaka 2020 Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani takribani 40,000 na vifo takribani 27,000. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake.

Sera ya msamaha wa gharama katika hospitali za umma inawagusa wagonjwa wa saratani, na anayeshindwa kulipia huduma huanzia kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali. Hata hivyo, msamaha haulipi nauli, malazi wala chakula cha mgonjwa na msindikizaji wake. Hapo ndipo wananchi wengi wa kusini hukwama.

Mgonjwa wa Msimbati au Kilambo, karibu na mlango wa Mto Ruvuma, hufika kwanza Mtwara mjini. Akihitaji tiba ya mionzi, husafiri zaidi ya kilomita 550 hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Tiba ya mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi huchukua takribani wiki tano, siku tano kila wiki. Anayekosa mahali pa kulala hurudi nyumbani kabla ya kumaliza, na kukatisha tiba hupunguza nguvu yake. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipokata barabara eneo la Somanga, wilayani Kilwa, wasafiri wa Lindi na Mtwara walikwama. Kwa mgonjwa, kila siku ya namna hiyo ni gharama ambayo hakuipangia.

Kwa hiyo mfuko mdogo wa nauli na malazi unaweza kuokoa matibabu ambayo gharama yake kubwa imekwisha kubebwa na umma.

Mifano ya kujifunza

Nchini Kanada, kijana Terry Fox, aliyekatwa mguu mwaka 1977 kwa sababu ya saratani ya mfupa, alianza Aprili 1980 kukimbia kuvuka nchi ili kuchangia utafiti. Alisimama Septemba 1, baada ya siku 143 na kilomita 5,373, saratani ilipofika kwenye mapafu. Alifariki Juni 1981. Kazi hiyo haikukoma, kwa kuwa ilikabidhiwa watu wengine wa kuiendeleza.

Nchini Kenya, Profesa Anyang' Nyong'o, aliyegundulika kuwa na saratani ya tezi dume mwaka 2010 akiwa waziri, alitangaza ugonjwa wake hadharani. Mwaka 2011 yeye na mkewe Dorothy walianzisha taasisi ya Africa Cancer Foundation. Mwaka 2015, wananchi walipomchangia mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye uvimbe wa ubongo, fedha zilipitia taasisi hiyo na zilizidi lengo la shilingi milioni moja za Kenya mara kadhaa ndani ya siku chache. Mchango unaweza kuvuka lengo ghafla, hivyo matumizi ya ziada yaamuliwe na kutangazwa mapema.

Utaratibu unaoshauriwa

Kwanza, tenga mifuko. Fedha za matibabu yako zisichanganywe na za wagonjwa wengine, wala zisipokelewe kwenye namba moja ya simu. Mchangiaji aelezwe anachangia upi.

Pili, pitia chombo kinachotambulika. Mashirika yaliyosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, yanawajibika kutoa taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Mchango kwa hospitali ya umma ulipwe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na hospitali yenyewe, na stakabadhi idaiwe.

Tatu, linda siri za wengine. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Una hiari ya kueleza ugonjwa wako, lakini picha au jina la mgonjwa mwenzako vinahitaji ridhaa yake.

Nne, chagua wakati. Katika Mkoa wa Mtwara fedha huonekana zaidi baada ya minada ya korosho kuanza, kwa kawaida mwezi Oktoba. Ahadi za wakulima zipangwe kwa kalenda hiyo.

Tano, afya kwanza. Anayepata tiba ya dawa za saratani huweza kupungukiwa kinga, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Mikusanyiko ipangwe kwa ushauri wa daktari, na awepo msaidizi mwenye mamlaka ya kuendeleza kazi mgonjwa anapozidiwa.

Sita, toa hesabu. Kilichopatikana, kilichotumika na kilichobaki visomwe mbele ya wachangiaji. Mkutano mkuu wa kijiji ni mahali panapofaa. Mgonjwa akipona, au akiitwa na Mola wake, daftari libaki mikononi mwa kamati, ili anayefuata kwenda Ocean Road akute nauli yake ipo.