Tanuri la Kuni la Uani: Kutoka Miliki ya Kabaila hadi Bustani za California

Tanuri la kuni linalojengwa nyuma ya nyumba, ambalo leo huhesabiwa kuwa pambo la bustani za wenye nafasi, lilikuwa kwa karne nyingi chombo cha lazima, na historia yake haielezeki bila kutaja mamlaka ya mwenye ardhi na hofu ya moto. Katika Ufaransa ya enzi za ukabaila, yaani mfumo ambao bwana mmoja alimiliki ardhi na wakulima wakamlipa kwa mazao, kazi au fedha, vijiji vingi vilikuwa na tanuri moja tu, lililoitwa kwa Kifaransa four banal, ambalo lilikuwa mali ya kabaila, na wakulima walilazimika kuoka humo na kumwachia sehemu ya unga au mikate kuwa ada. Hoja ya usalama dhidi ya moto iliyotolewa kuutetea utaratibu huo haikuwa ya uongo mtupu, kwani moto mkuu ulioteketeza sehemu kubwa ya London mwaka 1666 ulianzia katika nyumba ya mwokaji mikate, Thomas Farriner, katika kichochoro cha Pudding Lane. Hata hivyo ada ilikuwa ni ada, na haki za makabaila zilipofutwa kabisa bila fidia mwaka 1793, mapinduzi ya Ufaransa yakiwa yamepamba moto, wakulima hawakuonekana kusikitika.

Muda mrefu kabla ya kufutwa, utaratibu huo ulikuwa umevuka bahari pamoja na walowezi wa Kifaransa waliohamia kingo za mto Saint Lawrence, katika nchi ambayo leo ni jimbo la Quebec nchini Kanada, lakini huko ulikutana na hali ya hewa isiyoukubali. Mashamba yalipangwa kwa vipande vyembamba virefu vilivyoanzia mtoni, nyumba zikawa mbalimbali, na mwaka 1707 Jacques Raudot, aliyekuwa mtawala wa masuala ya kiraia wa koloni hilo, aliiandikia serikali ya Ufaransa akitaka haki ya tanuri la kabaila iondolewe, kwa kuwa wakulima hawangeweza kusafirisha unga uliokandwa kwa umbali huo wakati wa baridi bila kuganda njiani. Ada ya kinu cha kusaga iliendelea kutozwa, ila tanuri lilihamia mikononi mwa wakulima wenyewe, likajengwa uani au kando ya barabara, hatua kadhaa kutoka nyumba ya mbao ili cheche zisiifikie.

Ujenzi wake unastahili kuelezwa kwa kirefu, maana ndipo ujuzi ulipo. Kwanza palijengwa jukwaa la magogo au mawe lenye kimo cha kiuno, ili mwokaji asiiname, na juu yake pakawekwa sakafu ya udongo au mawe bapa. Kisha fito mbichi za mti laini zilipindwa na kufungwa pamoja mpaka zikafanya kiunzi kama tenga lililofudikizwa, na juu ya kiunzi hicho pakapangwa mabonge ya udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na nyasi kavu zilizokatwakatwa, kuanzia chini kwenda juu, tabaka juu ya tabaka. Nyasi hizo hushikamanisha udongo ili usipasuke unapokauka. Baada ya siku za kukauka uliwashwa moto mdogo, halafu mkubwa zaidi, hadi fito za ndani zikaungua na kuiacha kuba ikisimama yenyewe. Mwishoni kilijengwa kibanda cha mbao cha kuikinga na mvua, kwa sababu udongo ambao haukuchomwa ukaiva mpaka nje hurudi kuwa tope.

Namna ya kulitumia tanuri hilo ilikuwa tofauti na ya jiko la kawaida, kwa kuwa moto na mkate havikukaa pamoja. Kuni ziliwashwa ndani ya kuba yenyewe kwa saa kadhaa, masizi yakaganda juu ya dari na kuifanya nyeusi, kisha joto lilipozidi yakaungua na dari ikarudi kuwa nyeupe, dalili ambayo waokaji wa matanuri haya huitegemea mpaka leo. Hapo makaa yalikokolewa, sakafu ikafagiliwa kwa kitambaa chenye maji, na mama wa nyumba akapima joto kwa kuingiza mkono mtupu na kuhesabu mpaka usiweze kuvumilia, au kwa kurusha unga kidogo sakafuni: ukiungua papo hapo, ilibidi kungoja. Mikate iliingizwa kwa kibao chenye mpini mrefu, mlango ukafungwa, na joto lililohifadhiwa ukutani likafanya kazi iliyobaki. Mwambao wa Afrika Mashariki una tanuri la jamii nyingine, lile la udongo lililosimama wima ambamo mkate wa mofa hubandikwa ukutani. Huko joto hutoka chini, na mdomo huwa juu.

Wataalamu wawili wa Quebec, Lise Boily na Jean-François Blanchette, waliyachunguza matanuri yaliyosalia na kuchapisha kitabu mwaka 1979, wakati ambapo mikate ya kiwandani na majiko ya ndani yalikwisha kuyafanya mengi yawe magofu. Kutokana na kazi hiyo waashi wa leo hutaja kanuni kwamba kimo cha mlango kiwe takriban asilimia 63 ya kimo cha kuba kwa ndani: mlango ukiwa mrefu zaidi, joto hutoroka, na ukiwa mfupi mno, moto hukosa hewa na kufoka moshi. Miaka 20 baadaye, Alan Scott, mhunzi mzaliwa wa Australia aliyeishi California, alitoa pamoja na Daniel Wing kitabu kuhusu mikate na matanuri ya matofali, na mtindo wa kujenga tanuri uani ukaenea Marekani kwa kiasi kikubwa kupitia kazi yake.

Tatizo ni kwamba uenezi huo uliambatana na mapenzi ya piza, ambayo ina mahitaji yake. Piza ya Napoli, kwa kanuni za chama cha watengenezaji wake kilichoundwa mwaka 1984, huiva kwa sekunde 60 hadi 90 huku moto ukiwaka pembeni ndani ya tanuri lenye kuba fupi, ilhali mkate unahitaji ukuta mnene unaotunza joto baada ya moto kuondolewa. Ukuta mnene huchukua saa nyingi na kuni nyingi kabla ya kupata moto. Familia inayooka piza chache mwisho wa juma kwa tanuri la aina ya Scott, lenye ukuta mnene wa kuokea mikate, inachoma kuni bure, na inafaa ichague kuba nyembamba, fupi, iliyofunikwa vizuri kwa nje; tanuri zito liachiwe anayeoka mikate mingi kwa mkupuo mmoja, kama walivyofanya wakulima wa Saint Lawrence.