Maziwa ya Mama Mwingine: Woga Ulitoka Wapi?

Wasee, wiki jana kwetu Karen kulikuwa na vita baridi. Binamu yangu alijifungua mtoto wa wiki 30, yuko kwa inkubeta, na maziwa yake yalikuwa hayajatoka vizuri. Jirani anayenyonyesha akasema atamkamulia. Shangazi akaruka: "Maziwa ya mtu? Unajua ako na nini?" Shosho naye: "Zamani mtoto alinyonya kwa yeyote, na mko hai." Nikaamua kusoma historia.

Kumbe woga wa shangazi una mizizi hapa hapa Nairobi. Kati ya 1992 na 1998, Dkt. Ruth Nduati na wenzake waliandikisha akina mama 425 wenye virusi vya Ukimwi. Kwa kura, wengine walinyonyesha, wengine wakapewa maziwa ya kopo. Matokeo yalitoka 2000: kufikia miaka 2, karibu asilimia 37 ya watoto wa kundi la kunyonya walikuwa wameambukizwa, na asilimia 20.5 wa kundi la kopo. Hapo shangazi ana pointi.

Lakini ngoja. Vifo vilikaribiana: asilimia 24 kwa 20. Kopo lilipunguza virusi, ila halikuokoa maisha kwa kiwango hicho. Halafu ARV zikaja, na mama anayezimeza vizuri sasa hunyonyesha kwa hatari ndogo sana.

Kwa mtoto wa wiki 30 kuna shida nyingine: sitomegalovirusi. Watu wazima wengi wanayo bila kujua, na hupita kwenye maziwa. Mtoto aliyetimiza miezi yake kwa kawaida haimsumbui, lakini aliyezaliwa mapema sana inaweza kumlaza vibaya. Kuweka maziwa kwa friza huipunguza tu, haiimalizi. Na maziwa ya kopo nayo humwongezea mtoto huyo hatari ya utumbo kuoza. Ndiyo maana maziwa ya mamake mwenyewe bado ni namba moja.

Yakikosekana? Mwaka 2019 Hospitali ya Pumwani ilifungua benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini. Anayechangia hupimwa kwanza, kisha maziwa hupashwa moto nyuzi 62.5 kwa dakika 30. Joto hilo huua virusi vya Ukimwi na hiyo sitomegalo pia.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: shosho ako sawa kuhusu moyo, shangazi ako sawa kuhusu virusi. Chupa ya jirani kutoka kwa friji, hapana. Maziwa yaliyopimwa na kupashwa moto, ndiyo. Tunachangia damu bila aibu, si hata maziwa tuyazoee?

Binamu anaendelea kukamua, usiku na mchana, tone kwa tone. Jirani hajakasirika. Ameniuliza tu, Pumwani unafikaje ukitoka Karen?

Kwenu wangesema nini?